Memori kadi inagoma kwenye simu? Mwongozo kamili wa kuchagua inayoendana na simu yako

Maswali ni yaleyale kila siku. Nimenunua memori ya GB 128 simu haisomi. Imesoma wiki moja halafu picha zote za harusi hazifunguki. Simu inaniambia kadi ina hitilafu wakati nimeitoa kwenye pakiti leoleo. Ukimuuliza mtu alivyonunua, karibu wote walianza na kadi, waliona GB nyingi na bei nzuri wakalipa, habari ya simu wakaifikiria wakiwa nyumbani.

Sisi hapa tunaanza na simu. Ikishatuambia inataka nini ndo tunaenda dukani, na tukirudi tunaipima kadi kabla hujaweka picha hata moja. Usiruke hatua hata kama unajiona unajua, kwa sababu ya mwisho inategemea ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenyewe, ikiwa na chaji ya kutosha
- Jina kamili la modeli yake (nitakuonyesha pa kulipata)
- Kipini cha kufungulia trei ya laini, kile kilichokuja kwenye boksi
- Bando kidogo la kuangalia sifa za simu
- Kadi rida ya USB na laptopu au kompyuta ya Windows, hata ya kuazima. Kama huna kabisa ipo njia ya kupima kwa simu, nimeiweka kwenye hatua ya 7
- Risiti ya duka, hii utaidai ukinunua na usikubali kuondoka bila hiyo

## Hatua ya 1: Hakikisha simu inapokea memori

Usicheke, watu wengi wanapoteza hela hapa. iPhone haijawahi kuwa na sehemu ya memori kadi, yoyote ile, ya zamani wala mpya. Google Pixel nazo hazina. Samsung Galaxy S nyingi zilikuwa nazo mpaka S20 (S6 haikuwa nayo), kuanzia S21 ya 2021 wakaitoa. Hata familia ya A ambayo watu wanaiamini kwa hilo imeanza kubadilika, Galaxy A54 inapokea lakini A56 haipokei, kwahiyo usimwamini mtu anayekwambia "Samsung zote za A zinaingia memori".

Fungua Mipangilio, shuka mpaka Kuhusu simu, andika pembeni jina na namba ya modeli. Halafu ingia GSMArena, tovuti yenye sifa za simu, tafuta modeli hiyo, shuka mpaka kwenye kipengele cha memori uangalie mstari unaozungumzia sehemu ya kadi. Utakuta moja kati ya haya matatu:

Haina. Basi, hela ya memori iweke kwenye flashi ya OTG, ile inayochomekwa kwenye tundu la chaji la simu, au hifadhi ya mtandaoni.

Ina sehemu yake peke yake. Hii ndo nzuri, unaweka laini mbili na memori kwa pamoja. Galaxy A14 iko hivi.

Inachangia na laini ya pili. Hapa kuna mtego. Trei ina nafasi mbili, ya kwanza ya laini, ya pili unachagua mwenyewe, laini au memori. Kama unatumia laini mbili, labda moja ya simu na bando nyingine ya miamala, memori ikiingia laini moja inatoka. Amua hilo kabla hujatoa hela. Na tafadhali usikubali fundi akukatie laini aibandike juu ya memori kwa gundi ili viingie vyote, trei inakwama ndani na meno ya kusomea laini yanaweza kung'oka, hapo umehama kutoka shida ya nafasi kwenda shida ya simu.

Tahadhari kwa wenye Huawei: kuanzia Mate 20 ya 2018 baadhi ya simu zao zinatumia kadi ya aina nyingine inayoitwa NM, umbo lake ni kama laini ndogo ya nano. Memori ya kawaida ya microSD haiingii humo hata ulazimishe. Kama yako ni P30 au Mate za kipindi hicho, uliza NM kwa jina.

*Umefaulu ukiwa:* unajua kwa uhakika simu inapokea, na unajua kama utapoteza laini ya pili au la.

## Hatua ya 2: Jua mwisho wake ni GB ngapi

Kila simu ina kikomo cha ukubwa. Kwenye sifa zake utaona imeandikwa mpaka GB 32, mpaka GB 512, mpaka TB 1 (kama GB 1,000) na kadhalika. Kama mtandaoni hakuna, angalia kijitabu kwenye boksi.

Kwa haraka iko hivi. Viswaswadu vingi vyenye sehemu ya memori mwisho wake ni GB 32, mfano Nokia 3310 ile ya 2017 na Nokia 110 ya 2019. Vitochi vya zamani zaidi, vile vya enzi ya kurushiana nyimbo kwa bluetooth, vingi vinaishia GB 2 na ukiweka ya GB 4 kinakaa kimya kama hujaweka kitu. Smatifoni za sasa zenye sehemu ya kadi nyingi zinafika GB 512 au TB 1.

Kwanini kikomo kipo? Kwa sababu memori hazitofautiani ukubwa tu, zinatofautiana familia, na kila familia simu inatakiwa iwe imefundishwa kuisoma. Hiyo ndo hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Soma herufi zilizoandikwa kwenye kadi

Chukua memori yoyote uangalie, karibu na nembo kuna herufi ndogo:

- SD tupu: mpaka GB 2
- SDHC: zaidi ya GB 2 mpaka GB 32
- SDXC: zaidi ya GB 32 mpaka TB 2

Kuna nyingine inaitwa SDUC inaanzia juu ya TB 2, kwa simu yako haikuhusu.

Sheria yake ni rahisi, simu inayosoma familia ya juu inasoma na za chini, ila ya chini haisomi ya juu. Simu ya SDXC utaweka hata kadi ya GB 8 itakubali. Kitochi cha SD tupu ukikipa SDHC kinagoma, na hakijaharibika, wala kadi haijaharibika.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kadi za SDHC zinakuja zimepangwa kwa mfumo unaoitwa FAT32, SDXC zinakuja na exFAT. Kwa miaka mingi exFAT ilikuwa na leseni ya Microsoft, mtengenezaji wa simu ilibidi alipie, wa simu za bei ya chini wengi hawakulipa. Microsoft walikuja kuifungua 2019. Ndo maana unaweza kuwa na simu ya zamani kidogo, ya Android kabisa, ukaweka GB 64 mpya ikakwambia kadi haitumiki, halafu ukiifomati ndani ya simu hiyohiyo inakubali na kufanya kazi vizuri, kwa sababu simu imeibadilisha kuwa FAT32.

FAT32 nayo ina ukomo wake, haipokei faili moja linalofika GB 4. Ukishusha muvi ya GB 5 ukajaribu kuihamisha itakataa hata kama kadi ina nafasi ya GB 50. Hapo tatizo ni mpangilio wa kadi, nafasi ipo.

*Umefaulu ukiwa:* unaweza kusema sentensi kama "simu yangu inasoma SDXC, mwisho GB 512".

## Hatua ya 4: Chagua ukubwa kwa matumizi yako

Kikomo cha simu hakimaanishi ujaze kikomo. Piga hesabu. Wimbo wa kawaida wa dakika nne unakula kama MB 4, kwahiyo GB 32 inabeba nyimbo zaidi ya elfu saba, kwa mtu wa kaswida na taarabu kwenye kitochi hiyo ni ya maisha. Video ya simu ya HD kamili inakula kama MB 130 kwa dakika, GB 64 inakupa masaa nane hivi. Kama unarekodi sherehe au unatunza muvi nenda GB 128 au 256.

Ushauri wangu kwa mtu wa kawaida mwenye smatifoni ni GB 64 au 128 ya kampuni inayojulikana. Ni bora GB 64 ya kweli kuliko GB 512 ya mashaka, na kadi kubwa ikifa unapoteza vingi kwa mkupuo mmoja.

Usishangae pia ukiweka ya GB 64 simu ikaonyesha 59 na kitu. Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, simu nyingi zinahesabu kwa 1024, kwahiyo 32 inaonekana 29 na kitu, 128 inaonekana 119.

Na kitu kimoja cha kuondoa kichwani, memori kadi haiongezi RAM, ile kumbukumbu ambayo simu inaitumia kuendesha programu. Simu ikiwa nzito kwa sababu ya RAM ndogo, kadi haitaipa wepesi. Ile RAM ya kuongezea unayoiona kwenye Tecno na Infinix inachukua nafasi ya ndani ya simu, haichukui kwenye kadi.

## Hatua ya 5: Angalia spidi, ila usilipie usichotumia

Kadi ina alama nyingi mpaka zinachanganya. Za kuangalia ni hizi:

Namba 10 ndani ya herufi C. Inaandika angalau MB 10 kwa sekunde. Ukiona 4 ina maana MB 4, iache kwenye duka, hiyo ni ya kusikilizia nyimbo tu.

U yenye 1 au 3 ndani. U1 ni MB 10, U3 ni MB 30 kwa sekunde. Kwa video za 4K chukua U3, au V30 ambayo ni kiwango kilekile.

A1 au A2. Hii inahusu kuendesha programu kutoka kwenye kadi, yaani kusoma na kuandika vipande vidogovidogo kwa haraka. A1 inatosha. A2 inahitaji simu yenyewe iwe na uwezo wa kuitumia na nyingi hazina, kwahiyo unaweza kulipia zaidi usione tofauti.

Zile namba kubwa za mbele kama MB 150 kwa sekunde ni spidi ya kusoma tena ya juu kabisa, ya kuandika ni ndogo kuliko hiyo, usizifanye ndo kigezo. Kadi zenye mistari miwili ya meno nyuma, UHS-II, ni za kamera za wapiga picha, kwenye simu hela yake inapotea.

*Umefaulu ukiwa:* umeandika kwenye karatasi kitu kama "microSDXC, GB 128, C10, U1 au U3, A1". Hiyo karatasi ndo unaenda nayo dukani.

## Hatua ya 6: Kununua bila kuuziwa feki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huku ndo vilio vingi vinakotoka.

Feki ya memori inatengenezwa hivi: wanachukua kadi ya GB 8 au 16, wanaibadilisha ile akili ndogo inayoiongoza ili ijitangaze kuwa ni GB 128 au TB 1, wanachapa maandishi juu, wanaweka kwenye pakiti nzuri. Ukiiweka kwenye simu inaonyesha kweli GB 128. Unaweka picha, zinafunguka. Siku ukivuka zile GB 16 za kweli, kila unachoongeza kinafuta cha zamani au kinaandikwa hewani. Majina ya mafaili unayaona, ukubwa unauona, ukifungua ni picha ya kijivu au video haichezi. Mtu anadhani ni virusi kumbe vitu vyake havikuwahi kuhifadhiwa. Hiyo haina fundi wa kukurudishia.

Dalili za kuangalia dukani, iwe Kariakoo, Luthuli Nairobi au kwa muuzaji wa mtandaoni:

- Bei haielezeki. Kadi za TB 1 zimeanza kuuzwa 2019 na bado ni ghali, mtu akikupa TB 1 kwa bei ya bando la wiki hiyo sio ofa.
- Herufi hazilingani na ukubwa. Kadi ya GB 128 iliyoandikwa SDHC haiwezekani, umeshasoma hatua ya 3, SDHC inaishia 32. Kosa hili utalikuta kwenye feki nyingi, na wewe sasa unalijua.
- Maandishi yana ukungu, yanafutika ukipitisha kucha, au jina la kampuni limekosewa herufi.
- Haina pakiti, iko kwenye kijimfuko tupu, au muuzaji anakwambia tayari amekujazia nyimbo. Hiyo imeshatumika.
- Muuzaji hataki kukuandikia risiti wala siku za kurudisha.

Pakiti nzuri peke yake haithibitishi kitu, pakiti nazo zinachapwa. Kwahiyo kubaliana na muuzaji kabisa, "nikiipima ikiwa sio GB hizi narudisha", na aandike kwenye risiti ukubwa aliokuuzia. Muuzaji mwaminifu hana shida na hilo, na wapo wengi. Akianza kukasirika, duka la jirani nalo linauza memori.

## Hatua ya 7: Weka, fomati, pima

Fanya siku hiyohiyo uliyonunua, usisubiri wikiendi ijayo.

Kuweka. Zima simu. Fungua trei kwa kipini, laza kadi ikae kwenye umbo lake, meno ya dhahabu yaangalie chini kama mchoro wa trei unavyoonyesha. Ikigoma usisukume kwa nguvu, itoe igeuze. Washa.

Kufomati. Nenda Mipangilio, Hifadhi, chagua kadi ya SD, fomati. Hata kama ni mpya na inasoma fanya hivyo, kwa sababu simu inaipanga kwa mfumo inaouelewa yenyewe. Onyo: kufomati kunafuta kila kitu, kama kadi ina vitu vihamishe kwanza.

Simu nyingine itakuuliza unataka kadi iwe ya kubebeka au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Ya ndani ilikuja na Android 6, inakuruhusu kuweka programu kwenye kadi, lakini kadi inafungwa kwa msimbo wa simu hiyo tu. Ukiitoa haisomeki kwingine, na simu ikifa umepoteza vyote. Mimi nasema chagua ya kubebeka, labda simu iwe na GB 16 tu na huna namna.

Kupima kwa kompyuta. Itoe kadi, weka kwenye kadi rida, shusha programu ya bure inaitwa H2testw. Inaweza kufunguka kwa Kijerumani, juu kuna sehemu ya kubadili kuwa Kiingereza. Chagua kadi, hakikisha mara mbili hujachagua diski ya kompyuta, halafu bonyeza kitufe cha kuandika na kuhakiki. Inajaza kadi yote mafaili ya GB moja moja kisha inayasoma tena kuona kama yako vilevile. GB 64 inaweza kuchukua saa moja na zaidi, iache ifanye kazi. Kwa Linux na Mac tumia F3, kazi ni ileile. Ikimaliza bila makosa, futa hayo mafaili, kadi yako ni ya kweli, na spidi ya kuandika utaiona hapohapo, ikiwa chini ya MB 10 na uliuziwa C10 una haki ya kurudisha.

Kupima kwa simu tu. Chukua video kadhaa kubwa, zinakili kwenye kadi ndani ya folda ya kwanza, halafu ya pili, ya tatu, endelea mpaka kadi ikaribie kujaa. Zima simu, toa kadi, irudishe, washa. Sasa fungua video za folda ya kwanza kabisa, za katikati na za mwisho. Zote zikicheza mwanzo mpaka mwisho uko salama. Ya kwanza ikicheza na ya mwisho ikagoma, au kinyume chake, kadi ni feki. Ile kuzima na kutoa ni muhimu, bila hivyo simu inaweza kukuonyesha kilichobaki kwenye RAM yake ukadhani kimetoka kwenye kadi.

*Umefaulu ukiwa:* kadi imejaa yote na kila faili limefunguka. Chini ya hapo irudishe na risiti yako.

## Hatua ya 8: Hamisha vitu

Ingia kwenye mipangilio ya kamera, kama ina sehemu ya mahali pa kuhifadhi chagua kadi ya SD, picha mpya zitaenda huko zenyewe. Za zamani zihamishe kwa programu ya mafaili, nakili kwanza, fungua chache uone, ndo ufute za ndani.

WhatsApp yenyewe haihamii kwenye kadi. Unaweza kuhamisha video zake kwa mkono, ila ukirudi kwenye meseji ile video haitafunguka tena pale, utaifungulia kwenye kadi.

Picha za watoto, vyeti, nyaraka za kiwanja, usiziache kwenye kadi peke yake hata kama imefaulu vipimo vyote. Kadi inakufa bila kuaga. Weka nakala sehemu nyingine.

## Ikigoma hata baada ya yote haya

Jaribu kadi kwenye simu nyingine kwanza. Ikisoma kule, tatizo ni simu yako: safisha meno ya kadi kwa kitambaa kikavu, angalia trei haijapinda, jaribu kadi ndogo zaidi unayojua ni nzima. Kadi ndogo ikisoma na kubwa ikagoma, rudi hatua ya 2, umevuka kikomo.

Isiposoma popote, hata kwenye kompyuta, kadi imekufa, tumia risiti.

Na ikisoma kwenye kompyuta ila inakataa kufuta au kufomati, unafuta vitu vinarudi vyenyewe, usihangaike kutafuta programu za kuitengeneza. Baadhi ya kadi zikichoka zinajifunga zisiandikwe tena ili usome kilichomo. Nakili kila kitu haraka iwezekanavyo, ununue nyingine.